Difu ya Katikati

Watu walimwita Kobe, na jina likamkaa. Alikuwa fundi wa gia boksi na difu, zile gia zinazogawa nguvu kwenye matairi, na kazi hiyo mtu huifanya akiwa amelala chali chini ya gari. Ukifika gereji kwake ulikuta miguu miwili imetokeza. Ukiita, kichwa kilichomoza taratibu upande wa pili, kikakutazama, kikarudi ndani. Maneno yake yalikuwa ya kubana. "Lete." "Acha hapo." "Kesho." Mteja aliyetaka kupigiwa soga alikwenda kwa fundi mwingine.

Shule hakuiona. Alianza kwa kuosha vyuma vya watu kwa mafuta ya taa, akapanda polepole, akapewa kufungua nati, kisha difu, kisha gari zima. Mpaka nywele zinakuwa nyeupe hakujua kusoma. Namba za spana alizijua kwa uzito wake mkononi.

Mwenye maneno alikuwa mkewe. Huyo walimwita Mama Maziwa. Kila asubuhi alipanda mlimani kwa wanawake wafugaji na magunia ya pumba za ng'ombe, akashuka na madumu ya maziwa, akayauza mjini nyumba kwa nyumba. Mdomo wake ulifika kabla ya gari. Wateja walimsikia akigombana na mbuzi barabarani, wakaenda kutafuta sufuria. Jioni alimhadithia mumewe mambo yote ya siku, mume akila na kutikisa kichwa. Watu waliuliza hawa wawili wanaishije. Waliishi vizuri.

Gari la Mama Maziwa lilikuwa dogo, la pembe nne kama sanduku la nguo, la kijani kilichokwisha. Lilivuta kwa matairi yote manne, wakati wote, utake usitake. Barabara ya mlimani ilikuwa tope na mawe, na gari la kuvuta kwa matairi mawili halikuwa na lake huko. Yeye aliendesha, Kobe alitengeneza. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake.

Kisha figo zikamsumbua Mama Maziwa. Akalazwa, akatoka. Akalazwa tena, hakutoka.

Gari lilikuwa limetangulia. Difu ya mbele ilivunjika meno siku zile alipoanza kuugua, na spea yake haikupatikana popote, maana magari ya aina ile yaliacha kuletwa zamani. Likasukumwa mpaka ukutani mwa nyumba likaachwa pale. Baada ya mazishi Kobe alitoka asubuhi akalipita bila kulitazama, akarudi jioni akalipita bila kulitazama. Kuku wa jirani wakaligeuza banda.

Msiba ulipokwisha, ukoo ulikaa sebuleni kuzungumza. Kaka wa marehemu alikuja mapema akakaa kwenye kiti cha dada yake. Alikuwa mtu wa mwili, mnunuzi wa vyuma vya kuukuu. Watu walimwita Chakavu, lakini nyuma ya mgongo wake tu, kwa sababu mbele yake jina hilo lilileta ngumi. Yeye na Kobe hawakupikika chungu kimoja. Tangu siku ya posa aliona dada yake ametupwa kwa mtu mwenye kucha nyeusi, na kila alipopata nafasi alilisema hilo, tena kwa sauti.

"Nyumba ni yenu," Chakavu alisema. "Vyombo ni vyenu. Mimi sina tamaa. Gari ni langu. Kadi ina jina langu."

"Ina jina lako kwa sababu baba na mama hawakujua kusoma," binti akadakia. Alikuwa mtoto wao wa pekee, fundi cherehani, na ulimi aliurithi kwa mama yake. "Wewe, mjomba, ulitumwa kuandikisha tu. Aliyenunua ni mama."

"Niliandikisha au sikuandikisha? Basi. Lori la kiwanda cha vyuma linakuja Jumamosi. Nalikata, nalipakia, habari imekwisha. Gari lenyewe limekufa, kuku wanatagia ndani."

"Halijafa," Kobe akasema.

Wote wakageuka. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu makaburini.

"Halijafa?" Chakavu akacheka mpaka kiti kikalia. "Litembee basi, shemeji! Wewe si fundi? Fundi mzima, magari ya watu yanapita barabarani, la mkeo limelala ukutani linanyeshewa. Haya. Nasema mbele ya hawa wote. Likitembea kabla lori halijafika, lichukue, na kadi nakupa. Lisipotembea, siku ya msumeno usije ukanitolea macho ya kondoo."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa."

"Huyu mtu dada yangu alikuwa anazungumza naye nini?" Chakavu akauliza ukoo mzima.

Kulipopambazuka Kobe aliwafukuza kuku, akafagia ndani ya gari, akaomba vijana wa jirani wamsukumie mpaka gereji.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wa udongo mweusi wa oili, ukuta pande tatu, na kontena kuukuu la kufungia vyombo. Kutoka hapo kwenda barabarani kulikuwa na mwinuko mfupi wa udongo mwekundu. Uwanja huo Kobe aligawana na fundi wa kuchomelea, mtu mwembamba mwenye kelele aliyeitwa Cheche. Cheche alitengeneza mageti na madirisha, na vyuma vyake vyote alivipata kwa Chakavu. Kwa hiyo alipoona gari la kijani linaingia, alitema mate pembeni.

"Mzee, umeleta maiti kazini?"

Kobe akaingia chini.

Kazi aliyokusudia ilikuwa ya kueleweka. Difu ya mbele imekufa, haitafufuka. Basi vitolewe vyuma vyote vinavyopeleka nguvu mbele, gari lisukumwe na matairi ya nyuma peke yake. Kazi hiyo aliwafanyia wengi. Watu walikuwa wananunua magari madogo ya namna hiyo, wanachoka na mafuta yanayonyweka, wanamwambia awapunguzie. Alifungua propela ya mbele, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye difu ya mbele. Akatoa ekseli za pande zote mbili, akaacha vile vipande vifupi vinavyokaa ndani ya kitovu cha tairi, kwa sababu ndivyo vinavyoshikilia beringi. Ukivitoa na hivyo, tairi nalo linakuaga. Akaishusha difu yenyewe, akaifungua. Ilikuwa kama mdomo wa mzee, jino hapa, pengo pale.

Siku ya pili ya kazi, binti alikuja na chakula. Akakuta miguu.

"Baba."

"Mm."

"Watu wanasema hujalia."

Chuma kikagonga chuma.

"Mama hajapoa huko chini, wewe umelala chini ya gari. Nyumbani husemi. Nikikuuliza umekula, husemi. Mimi nimefiwa na mama, na baba je? Baba naye nimefiwa naye?"

Mkono mweusi ukatoka. "Nipe kumi na saba."

Binti akalitazama lile bakuli la chakula aliloshika. Akaliweka chini taratibu, akachukua spana kwenye sanduku, akaitupa kule chini kwa nguvu zake zote. Ikalia kwenye ekzosi.

"Hii kumi na tisa," Kobe akasema.

"Mungu anisamehe," binti akasema, akaondoka. Cheche alicheka mpaka akazima mashine.

Alhamisi, jua likiwa bado halijakaza, Kobe alimaliza. Habari ilikuwa imeshafika kwa Chakavu, na haikuhitaji mtu kuuliza nani kaipeleka. Alikuja na watu wake wa vyuma, akasimama kivulini mwa kontena, mikono nyuma kama mkaguzi.

Kobe akapanda. Injini ikawaka mara ya kwanza, ikakohoa, ikatulia. Akakanyaga klachi, akaweka gia, akaachia.

Injini ikavuma. Gari halikwenda.

Akaongeza mafuta. Injini ikalia kama ng'ombe aliyekabwa. Chini kulikuwa na kitu kinazunguka kwa kasi, sauti yake ilisikika, lakini tairi la nyuma lilisimama kama limepigiliwa msumari. Akaweka gia ya pili. Akaweka rivasi. Hakuna.

"Haya tembea basi!" Chakavu akapiga kelele. "Au linasubiri kuambiwa tafadhali? Jamani, tazameni, gari limefanana na mwenye nalo. Halisemi na mtu!"

Vijana wa vyuma wakaangua kicheko. Cheche akapiga nyundo kwenye bomba, ngwe ngwe ngwe, kama anapiga ngoma.

Kobe akazima. Akakaa pale kwenye kiti, mikono juu ya usukani. Alikuwa ameshaelewa, na kuelewa kulimuuma kuliko kicheko.

Yale magari aliyowafanyia watu maisha yake yote yalikuwa ya namna moja. Kwa kawaida yanasukumwa na nyuma, na mbele hupata nguvu pale tu unapovuta kijiti. Ukitoa propela ya mbele unakwenda zako. Hili halikuwa hivyo. Hili lilikuwa na difu ya tatu, ndogo, katikati, ndani ya gia boksi ya pili, na kazi yake ni kugawa nguvu mbele na nyuma wakati wote. Na difu ni kitu kivivu. Humpa nguvu yule asiyembishia. Mbele hakuna kitu tena, ni tundu tupu linazunguka bure, basi nguvu yote imekwenda huko. Nyuma haikupata hata tone.

Alijua. Gia boksi ile aliifungua kwa mikono yake zaidi ya mara moja. Hata Mama Maziwa, asiyeshika spana, alijua. Kilikuwepo kijiti cha pili karibu na goti lake, cha kuifunga hiyo difu ya katikati ili mbele na nyuma viende pamoja kwenye tope. "Nikifika pale kwenye tope nazifungisha ndoa," alikuwa akisema, "tukitoka kwenye tope kila mtu kwao." Kobe alijua yote hayo. Mikono ndiyo iliyofanya kama ilivyozoea, na kichwa hakikuwepo kuikataza.

Alikivuta kile kijiti. Kikaingia kwa shida. Akaachia klachi, gari likasogea kama hatua ya mtoto, kisha kijiti kikaruka chenyewe, krak, na gari likasimama. Akarudia. Krak. Uma wa chuma ulioko ndani, unaosukuma gia, ulikuwa umelika kwa miaka ya tope.

"Limesogea!" kijana mmoja wa jirani akasema.

"Limejikuna," Chakavu akajibu. "Shemeji, mimi nakuja Jumamosi na msumeno. Usijisumbue kuliosha."

Walipoondoka, Kobe alirudi chini, akashusha gia boksi ile ya pili, akaifungua juu ya gunia. Akaitoa difu ya katikati, akaiosha, akaishika. Ilijaa kiganjani kama chungwa kubwa. Ndani kulikuwa na gia ndogo nne, nzima kabisa, zinang'aa.

Njia ilikuwa moja. Zile gia zichomelewe, ziwe chuma kimoja, zisizunguke tena. Hapo nguvu haitakuwa na pa kukimbilia ila nyuma. Lakini ukishachomelea umechomelea. Hata ikipatikana kesho difu ya mbele, mpya, ya bure, gari la mkewe halitarudi kuwa lile. Asipochomelea, Jumamosi linakatwa.

Alikaa nayo mkononi kwa muda mrefu. Wateja wawili walikuja, wakaona uso wake, wakarudi kimyakimya.

Asubuhi ya Ijumaa akampelekea Cheche.

"Chomelea hapa, na hapa."

Cheche akaitazama, akamtazama yeye. "Mzee, mimi na shemeji yako tunakula sahani moja. Vyuma vyangu vinatoka kwake. Nikikufanyia hii, kesho nachomelea nini, vidole vyangu?"

"Nipe mashine."

"Mashine ile pale. Mimi sijakuona." Akageuka ukutani, akajifanya anapima geti.

Kobe hakuwa mtu wa kuchomelea. Macho yake yalikwisha kufa nusu. Akavaa miwani myeusi, akabana kijiti cha kuchomelea, akagusa. Chuma kikaruka na kupasuka, pa! pa!, kijiti kikanata, akakinyofoa, akagusa tena. Mchomeleaji mzuri akifanya kazi unasikia sauti kama mafuta yanakaanga. Hii ilikuwa kama mtu anayetupa kokoto kwenye bati.

Mgongo wa Cheche ulivumilia. Ulivumilia kidogo, kisha ukavumilia kidogo tena. Halafu akageuka.

"Simama! Simama, mzee, unaniua! Hiyo si kuchomelea, hiyo ni kutapika!" Akamnyang'anya kishikio mkononi. "Toka hapa. Toka, nimesema! Tazama, tazama uchafu huu. Hata mbwa akiulamba atakuuliza umeupata wapi. Shika tochi. Si hapo, hapa! Huna macho?"

Kobe akashika tochi.

Cheche akasaga uchafu wote, akaanza upya. Mafuta yakakaanga. Alifanya kazi huku anatukana, akamtukana Kobe, akamtukana Chakavu, akawatukana waliotengeneza gari lile huko walikolitengenezea. Alipomaliza, difu ilikuwa donge moja safi, mshono umepangika kama wa cherehani.

"Sikukusaidia," akasema, akinyoosha kidole. "Umesikia? Sikukusaidia hata kidogo. Nimefuta aibu. Siku mtu akifungua hii akaona matapishi yako, atasema imefanywa kwa Cheche."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo. Ondoka."

Kobe alirudisha kila kitu mahali pake. Jioni, kabla giza halijaingia, aliwasha, akaweka gia, akaachia klachi. Gari likaruka mbele likagonga geti jipya la Cheche. Cheche alipiga kelele ambazo mtaa mzima ulizisikia. Kobe alitoa kichwa dirishani, akatazama lile geti, akarudisha kichwa ndani. Wengine waliapa kwamba alitabasamu. Binti yake, aliyekuja na bakuli la jioni, alisema hapana, ni meno tu.

Usiku ule mvua ilinyesha.

Jumamosi uwanja ulikuwa uji. Lori la kiwanda lilisimama juu, barabarani, likakataa kushuka. Chakavu alishuka kwa miguu, suruali ameikunja, watu wake wawili nyuma na msumeno wa umeme. Akalikuta gari limewashwa, na mpwa wake kwenye usukani. Mama yake alimfundisha kuendesha kwenye barabara ileile ya mlimani. Kobe leseni hakuwa nayo, wala hamu.

Binti akalizungusha gari uwanjani, mbele, nyuma, mbele. "Mjomba, linatembea. Kadi."

Chakavu akaonyesha kidole juu. "Kuzunguka uani hata baiskeli ya mtoto inazunguka. Gari ni barabara. Lipande pale, lifike juu, hapo nitasema limetembea."

"Haikuwa hivyo!" binti akasema.

"Sawa," Kobe akasema.

Binti akamtolea macho baba yake, akaweka gia, akalielekeza gari kwenye mwinuko. Mwanzoni likapanda vizuri. Lilipofika katikati, matairi ya nyuma yakaanza kuzunguka pale pale, yakarusha tope mpaka kwenye kontena. Gari likateleza, likarudi chini kinyumenyume. Zamani, matairi ya mbele yangeshika yakalivuta. Sasa ya mbele yalikuwa abiria tu.

Akajaribu tena. Likafika palepale, likarudi palepale.

Kobe alikuwa amesimama nyuma, ametapakaa tope mpaka kifuani. "Nyuma jepesi," akasema.

Vijana wa jirani wakakimbia kwenda kupanda, na Cheche, aliyesema haimhusu, akawa tayari ameshika bodi.

"Asiguse mtu!" Chakavu akafoka. "Asiyekuwa wa ukoo asiliguse gari! Haya ni mambo ya ukoo!"

Vijana wakasita. Cheche akaachia bodi. Kobe akafungua mlango wa nyuma, akaingia mwenyewe, akachuchumaa pale palipokuwa pakikaa magunia ya pumba. Binti akajaribu. Gari likapita pale pa mwanzo kwa urefu wa mkono, likacheza, likarudi. Kobe alikuwa mifupa mitupu.

Juu, dereva wa lori akapiga honi.

"Washeni msumeno," Chakavu akawaambia watu wake.

Kobe akatoka nyuma ya gari. Akatembea kwenye tope mpaka mbele ya shemeji yake, akasimama karibu, karibu kuliko walivyowahi kusimama.

"Panda wewe."

"Nini?"

"Wewe wa ukoo. Mzito. Panda nyuma."

Watu wakacheka. Shingo ya Chakavu ikavimba. "Nikae kwenye pumba? Mimi? Nisaidie gari langu mwenyewe linitoke? Mzee, figo zimemla mkeo, wewe zimekula ubongo?"

"Baba, achana naye," binti akasema kutoka dirishani.

Kobe hakuachana naye. "Pale hospitali," akasema, "alikuulizia. Kila asubuhi. Kaka yangu amekuja? Namwambia yuko njiani. Mpaka mwisho nikimwambia uko njiani."

Injini ilikuwa inanguruma peke yake.

"Kwenye mazishi ulilia kuliko wote," Kobe akasema. "Pale alipolazwa hukuingia. Ingia hapa."

Chakavu akainua ngumi. Watu wote waliiona. Ikakaa hewani, nzito, kama amesahau ilikuwa ya nini. Cheche akapiga hatua moja mbele, akiwa na nyundo, kisha akasimama.

"Nilifika," Chakavu akasema. Hakusema kwa kelele. "Nilifika mpaka getini. Si mara moja. Miguu ikakataa, unasikia? Dada yangu mdogo. Nimembeba mgongoni mimi. Miguu ikakataa."

"Hata yangu ilikataa," Kobe akasema. "Nikaingia."

Ngumi ikashuka. Chakavu akamsukuma Kobe begani, akamsukuma kwa nguvu, mzee akayumba akashika kontena. Kisha akalizunguka gari, akainama, akaingia nyuma kwa shida huku akitukana, akakaa chini magoti yakigusa kidevu. Springi zikalia. Kobe akaingia akakaa ng'ambo yake. Hawakutazamana.

"Endesha!" Chakavu akafoka. "Unangoja nini, wewe mtoto?"

Binti akaendesha. Gari likapanda, likafika pale katikati, matairi ya nyuma yakazunguka mara moja, yakauma. Likasonga. Lilikuwa linalia, linacheza mkia, likapanda huku mtu mkubwa na mtu mdogo wanagongana vichwa nyuma. Likatokea barabarani mbele ya pua ya lori, likasimama juu ya lami.

Chini uwanjani vijana wakapiga miluzi.

Chakavu hakutoka mara moja. Alikuwa ameshika bodi kwa mkono mmoja na uso ameuelekeza nje, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. Kobe alimwacha. Baadaye Chakavu akafuta uso kwa mkono wa shati, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi, imekunjwa, ina jasho. Akampitishia mpwa wake juu ya kiti.

"Shika wewe unayejua kusoma. Jumatatu twende tukabadilishe jina. Jina lako, si la huyu."

"Ahsante, mjomba."

"Sijafanya kwa kupenda." Akateremka, miguu ikapiga lami. Akamgeukia Kobe. "Na wewe. Usidhani tumepatana."

"Sidhani."

"Nikikupita njiani usinisalimie."

"Sikusalimii."

"Vizuri." Akaenda kwa dereva wa lori, akaanza kugombana naye kwamba amekuja mapema mno.

Kobe akahamia kiti cha mbele. Alikaa upande wa abiria, mikono mapajani, tope linakauka usoni. Binti alikuwa analia bila sauti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kadi. Baba yake akautazama ule mkono.

"Twende wapi?" binti akauliza hatimaye.

"Kwa wafugaji."

"Baba, ile barabara. Kwa matairi mawili hatufiki hata kwenye kona ya kwanza."

"Hatufiki."

"Sasa?"

Kobe akafikiri. Mbele yao lami ilikwenda mpaka chini ya mlima, ikaishia pale penye daraja, tope likaanza.

"Tufike lami inapoishia," akasema. "Halafu wao ndio watashuka na maziwa."